Koti la Afande Columbo na Wachawi Wangu Kumi na Mmoja

Nimeigiza mchawi mara kumi na moja. Mara mbili nilikuwa mchawi wa kijijini, mara moja mchawi wa mjini mwenye gari, na zilizobaki sikuambiwa ni mchawi wa wapi. Nilipewa kaniki, nikaambiwa nikae gizani nicheke. Mama wa kambo nimecheza mara mbili. Mama mzazi, yule wa kulia mtoto akiolewa, watu wa Dar es Salaam hawajanipa hata siku moja. Sababu iko usoni. Jicho langu la kulia ni la bandia, na kamera ikinisogelea inaona wazi kwamba moja linatembea na jingine limebaki nyumbani.

Naandika haya kwa sababu wiki iliyopita alinipigia kijana mmoja, karani wa chama cha msingi, ushirika wa wakulima wa korosho, huko Newala. Shikamoo mama, marahaba, akazunguka weee mpaka akafika: anataka kuacha kazi aende Dar akawe mwigizaji. Vijana wa namna hiyo huwa napata wawili watatu kila msimu wa korosho unapoisha, pesa ikiwa bado mfukoni. Huwa nawajibu kwa simu dakika tano, maneno ya juujuu, tunaagana. Safari hii nimeona niandike, na nitapitia kwa mtu ambaye vijana wengi hawamjui: Mmarekani Peter Falk, aliyemcheza mpelelezi Luteni Columbo kwenye televisheni tangu 1968 hadi 2003. Huyu mtu nimemsoma kuliko nilivyosoma masomo yangu ya sekondari.

Mimi ni mtu wa Mikindani. Jicho lilitoka nikiwa na miaka sita. Bibi alikuwa anavunja nazi kwa mgongo wa panga, kipande cha kifuu kikaruka. Bibi amekufa bado ananiomba radhi kwa jambo ambalo halikuwa kosa. Baada ya hapo nilikuwa mtoto wa kufunikwa ushungi upande mmoja wageni wakija.

Mjomba wangu, kaka yake mama, alikuwa baharia. Kwa watu wa Kusini wanaohesabu ukoo kwa mama, mjomba si mgeni wa sikukuu, ndiye mwenye neno. Aliporudi moja kwa moja, mwanzoni mwa miaka ya 1990, alishuka na televisheni, deki na sanduku la kanda za video alizozikusanya kwenye bandari za Ulaya. Mkumbuke enzi hizo Daraja la Mkapa pale Rufiji halijafunguliwa, hadi 2003. Mvua zikikolea, mtu wa Mtwara alikuwa kama yuko kisiwani, na gazeti likitufikia lilikuwa limeshazeeka. Kanda za mjomba ndizo zilikuwa dunia yetu, umeme ukiwepo.

Kiingereza cha mle ndani kilitupita wote. Mjomba alisimama pembeni ya televisheni akatufasiria, na alifasiri kama mpishi, maana ndiyo kazi aliyokuwa akiifanya melini: alionja, akaongeza chumvi. Muuaji akisema neno moja mjomba anasema kumi. Columbo alimwita Afande, na sisi hatukumjua kwa jina jingine. Lile neno lake maarufu, pale anapokuwa ameshaaga, ameshafika mlangoni, halafu anageuka na kidole kichwani kwamba bado kuna jambo moja, mjomba alilitia chumvi ya kwetu: "Ah, bwana mkubwa, kitu kimoja tu, halafu nakuacha upumzike." Watoto wa mtaa mzima tuliazima sentensi hiyo kwa kuombea sukari dukani.

Ule mchezo haukufichi muuaji. Dakika za mwanzo unamwona akiua, unamjua jina, unajua na nyumba yake ilivyo kubwa. Bibi aliuliza swali ambalo mhariri yeyote angeuliza: "Sasa kama tunamjua, tumekaa tunatazama nini?" Akaketi mpaka mwisho, na kesho yake akawahi mkeka. Kinachotazamwa ni jinsi afande mwenye koti lililokunjamana atakavyomsumbua tajiri kwa maswali madogo madogo mpaka tajiri ajikwae kwa mguu wake.

Siku ya tatu au ya nne mjomba alisimamisha kanda, akaniita mbele ya watoto wote. "Mpwa wangu, tazama vizuri. Huyu ana jicho moja kama wewe." Nilisogea mpaka pua ikagusa kioo. La kulia. Kama langu.

Miaka mingi baadaye, intaneti ilipofika, nilihakikisha. Falk alizaliwa New York tarehe 16 Septemba 1927, na akiwa na miaka mitatu madaktari walilitoa jicho lake la kulia kwa sababu ya saratani ya jicho, ile inayoshika watoto wadogo. Alikulia mji wa Ossining, ambako wazazi wake walikuwa na duka la nguo. Mwenyewe alipenda kusimulia kisa cha utotoni kwenye besiboli: mwamuzi alimtoa nje ya mchezo kwa uamuzi aliouona wa uonevu, naye akalichomoa jicho la kioo akampa mwamuzi, kwamba hili unalihitaji wewe zaidi. Utani huo nami nimeujaribu mara moja tu maishani, kwenye daladala ya Mtwara kwenda Mikindani. Konda hakucheka, na abiria wawili walishuka kabla ya kituo chao.

Jeshi lilimkataa kwa ajili ya jicho, akaenda kwenye meli za mizigo, akafanya kazi jikoni. Nilipomwambia mjomba hilo alipiga goti lake kwa kofi. "Nilijua! Anavyomenya lile yai la kuchemsha, yule si mtu wa nchi kavu." Kisha akarudi shule, mpaka akapata shahada ya pili ya utawala wa umma pale Syracuse mwaka 1953. Aliomba hata kazi ya ujasusi, hakupewa. Alipoajiriwa ilikuwa ofisi ya bajeti ya jimbo la Connecticut, mjini Hartford, kuchunguza namna idara za serikali zinavyoweza kufanya kazi bila kupoteza muda. Mtaalamu wa muda huyo alichelewa siku ya kwanza kazini kwa sababu alilikosa jengo.

Kijana wangu wa Newala, hapa ndipo nakutaka usome taratibu.

Falk akiwa karani wa serikali alikuwa anaigiza jioni na kikundi cha mjini hapo. Baadaye akajipenyeza kwenye darasa la Eva Le Gallienne, mama aliyekuwa ameanzisha jumba lake la maigizo New York tangu 1926 na aliyekuwa amezeekea jukwaani. Darasa lilikuwa la waigizaji wa kulipwa tu. Falk aliingia kwa kudanganya. Kila Jumatano aliendesha gari kutoka Hartford hadi Westport na kila Jumatano alichelewa. Siku moja mwalimu akamuuliza, kwa nini wewe huchelewa? Akajibu anatoka Hartford. Mwalimu akashangaa, huko Hartford mwigizaji anakula nini? Ikabidi jamaa aseme kweli, kwamba yeye si mwigizaji, ni mtu wa ofisini. Yule mama akamwambia kwamba basi anapaswa kuwa. Falk akarudi Hartford, akaacha kazi. Mwaka ni 1956, umri karibu miaka 29.

Nikisimulia kisa hiki darasani, vijana wanashika mkia wake tu: akaacha kazi. Hawashiki kichwa. Alikuwa ameshaigiza miaka kadhaa akiwa na mshahara, na aliyemwambia aondoke hakuwa rafiki yake wala binamu yake. Alikuwa mtu aliyeona maelfu ya waigizaji, na ambaye hakuwa na faida yoyote ya kumsifu kijana mchelewaji.

Mimi nilifanya kinyume, na nitawaeleza jinsi ilivyokuwa. Mwaka 2008 nilikuwa karani wa mizani kwenye chama cha msingi, mwaka ule ambao mfumo wa stakabadhi ghalani, wa mkulima kuacha korosho ghalani na kuondoka na risiti, bado ni mpya na kila mkulima anadhani karani ndiye mwizi. Jioni na mwisho wa wiki nilikuwa na kikundi cha maigizo ya kuelimisha jamii, malaria, Ukimwi, vyandarua. Tulicheza masokoni, Mtwara, Nanyamba, hadi Masasi. Watu walipiga makofi. Mtoto wa mama mdogo, aliyekuwa amekuja likizo kutoka Mbagala, akaniambia, "Dada, wewe unawazidi wale wa kwenye runinga." Hiyo ndiyo ilikuwa Eva Le Gallienne yangu. Msichana wa miaka kumi na tisa aliyetaka nimfuate Dar kwa sababu alikuwa mpweke.

Niliacha kazi mwezi Machi. Nilikaa Mbagala miezi saba, tunalala wanne chumba kimoja. Usaili nilikwenda mwingi kiasi kwamba makonda wa Mbagala–Kariakoo walianza kuniita jina. Nilipata nafasi moja, mchawi wa kwanza. Malipo yalikuwa nauli na wali wa mchana, na ahadi kwamba filamu ikiuzwa tutaitana. Filamu iliuzwa, nimeiona Kariakoo, nimeiona Masasi stendi, nimeiona hata kwa jirani yangu. Kuitana hadi leo bado.

Oktoba nilipanda basi kurudi. Msimu ulikuwa umefunguliwa, kiti changu kwenye mizani kimekaliwa na mwingine, na ni haki yake. Msimu ule mzima nilifanya kibarua cha kupanga magunia ghalani, mimi niliyekuwa naandika risiti za magunia hayohayo. Jua la Oktoba la Mtwara mnalijua. Wakulima walionitambua walikuwa wananisalimia kwa upole mkubwa mno, na upole huo ndio uliouma.

Kwa hiyo hesabu yangu kwa anayeniuliza ni ya kikarani. Uwe umecheza mbele ya watu wasiokujua walau mara ishirini, na mara moja kati ya hizo wawe wamekuzomea ukaona unavyokuwa. Uwe na kodi ya chumba ya miezi sita mkononi, na hiyo ni kodi, tofauti na nauli. Na awepo mtu mmoja wa fani, asiye ndugu, asiyekudai wala usiyemdai, aliyekuambia nenda. Huyo wa tatu ndiye mgumu kupatikana. Akikosekana, endelea na mshahara wako, endelea na Jumamosi zako. Jumatano za Falk zilikuwa hizohizo.

Nirudi kwa wachawi.

Falk alianza jukwaani New York, mwaka huohuo wa 1956 akacheza mhudumu wa baa kwenye tamthilia ya Eugene O'Neill. Alipogeukia sinema, Harry Cohn, bosi wa kampuni ya Columbia, alimkataa waziwazi: kwa bei hiyohiyo naweza kupata mwigizaji mwenye macho mawili. Mlango uliokuja kufunguka ulikuwa wa majambazi. Mwaka 1960 alicheza muuaji wa kukodiwa, akateuliwa kuwania tuzo ya Oscar. Filamu ya mwaka uliofuata alikuwa mhuni tena, akateuliwa tena. Zote mbili hakuzipata. Kwenye sherehe ya kwanza msomaji alitamka "Peter" naye akaanza kunyanyuka kitini. Aliyetajwa alikuwa Peter Ustinov. Sijui kama kuna mwigizaji anayesoma kisa hicho bila kuhisi joto masikioni.

Ninachokiona hapo ni kwamba jambazi ndiye alikuwa mchawi wake. Dunia ilimtazama jicho, ikamgawia kazi ya watu wabaya. Hakuikataa, na hakuifanya kivivu.

Nilipofikia mchawi wangu wa nne, nilishaanza kuchoka kucheka gizani. Mwongozaji alitaka kile kicheko chao. Nikamwomba aniachie jambo moja: nilikuwa nimekuja na ungo wa marehemu bibi kutoka Mikindani, nikakaa chini, nikawa nachambua mchele. Yule binti aliyekuja kuombewa mabaya akaingia, nami sikuinua uso. Nikamuuliza mama yake hajambo. Nikamuuliza kama amekula. Nikaendelea kutoa chuya na mawe. Mwongozaji alifoka kwamba tunapoteza muda, kisha alipotazama alichokirekodi akanyamaza. Mchawi wa kicheko watu wamemzoea, hata watoto humwiga. Yule wa ungo, nilipokwenda Lindi kwenye msiba mwezi uliofuata, mama mmoja alihama mkeka niliokaa.

Mimi ushauri wangu kwa anayegawiwa kazi ileile kwa sababu ya umbo lake, ufupi, unene, kovu, lafudhi ya Kimakonde ambayo Dar wanaicheka, ni kuikubali mara za mwanzo na kupeleka kitu ambacho wao hawakukifikiria. Lakini iwepo mipaka. Mchawi wa kumi na mbili nilimkataa. Mswada ulitaka bibi kizee apigwe na kundi la watu, na iwe kichekesho. Katika nchi hii vikongwe wameuawa kweli kwa sababu ya macho mekundu. Sikuweza kuligeuza hilo kuwa la kucheka, na sijapigiwa simu na ofisi ile tena, sawa tu.

Sasa koti. Hapa ndipo hasa nilipotaka kufika tangu mwanzo.

Columbo hakuandikiwa Falk. Waandishi wake, Richard Levinson na William Link, walikuwa na mpelelezi huyo tangu 1960, alipochezwa na Bert Freed kwenye televisheni. Baadaye kwenye jukwaa akachezwa na Thomas Mitchell, mzee kabisa. Walipotengeneza filamu ya televisheni ya 1968 walikuwa wakimwaza mtu mzima mwenye mvi: Lee J. Cobb hakupatikana, Bing Crosby akakataa. Ndipo ikamwangukia Falk, wa miaka 40, ambaye miaka michache nyuma kipindi chake cha kwanza, alichokuwa wakili, kilikuwa kimekufa baada ya msimu mmoja.

Nguo alizotafutiwa hazikumkaa moyoni. Akakumbuka koti la mvua lililokuwa kabatini kwake. Alilinunua mwaka 1967 Mtaa wa 57, New York, mvua ilipomkuta njiani, kwa dola 15. Akaja nalo. Viatu akaja na vyake. Gari akalichagua mwenyewe kati ya magari ya studio, Peugeot 403 kuukuu. Wazee wetu wanaozijua 404 na 504, hiyo ni kaka yao. Na kipindi kinapigwa Los Angeles, mji wa jua, ambako mwenye koti la mvua tayari ni swali linalotembea. Kipindi cha kwanza cha mfululizo, Septemba 1971, kiliongozwa na kijana wa miaka 24 aitwaye Steven Spielberg, lakini macho ya watu yalikuwa kwenye lile koti.

Na hakuishia kwenye nguo. Katikati ya tukio, bila kumwambia mwenzake, Falk angeanza kupekua mifuko akitafuta penseli, au angeuliza bei ya viatu. Mwigizaji mwenzake, aliyekariri maneno yake vizuri, angekosa subira kweli, na ile kero usoni ilikuwa ndiyo kero ya muuaji. Ujanja huo nauonea wivu hadi kesho.

Jumamosi nafundisha vijana Chikongola, kwenye chumba tunachoazimwa. Mgeni akija siku ya kwanza simwambii aigize. Namwambia Jumamosi ijayo uje na kitu kimoja cha nyumbani kwenu ambacho hakikununuliwa kwa ajili ya maigizo. Wengi wanakuja na mto wa kufunga tumboni, wamewaona wachekeshaji. Nawarudisha. Lakini mmoja alikuja na miwani ya babu yake iliyofungwa uzi wa nyavu, akaivaa, na kwa kuwa ilikuwa inateleza alilazimika kuinua kidevu kila anapozungumza. Kidevu hicho kikampa mzee mwenye kiburi ambaye hakuna kitabu kingemfundisha. Marehemu Said Ngamba, Mzee Small, alikuwa mtu wa Kilwa, hapa jirani. Wangapi wamejaribu kumwiga sauti? Sauti ilikuwa koti lake. Nenda kabatini kwako.

Jambo la kifundi kidogo, kwa wenye jicho la bandia na hata wasio nalo. Jicho lisilotembea linakulazimisha ugeuze kichwa kizima. Mwanzoni nilikuwa najitahidi kuficha, nakaa upande upande, natoka kama mtu mwenye shingo iliyoteguka. Kisha nikamtazama Falk upya: anainamisha kichwa, anakunja uso upande mmoja, mkono uko juu ya paji la uso, mwili mzima unafanya kazi ya macho. Wamakonde walilijua hilo kabla ya televisheni. Anayecheza amevaa lipiko, kinyago cha ngoma, sura yake ni ya mti, haicheki wala haikasiriki. Kazi yote inafanywa na shingo, mabega na miguu, na bado umati unakimbia. Nilipokubali kugeuza kichwa chote, polepole, waongozaji walianza kuniambia nina utulivu. Utulivu gani, namtafuta aliyesimama kulia kwangu.

Kazi yangu nzuri kuliko zote ilitoka kwenye mizani. Miaka mitatu baada ya kurudi kutoka Dar nilipata tena ukarani, chama kingine. Siku moja alikuja kaka mmoja na magunia tisa. Nilimshuku ni wa kangomba, wale wanaowanunulia wakulima wenye njaa kwa bei ya chini kabla ya msimu kisha wanakuja kuuza kama mali yao. Nilichoma bambo, kile chuma cha kutolea sampuli guniani, sampuli safi, korosho kavu. Nikapima, nikaandika. Alipokuwa anageuka, mdomo wangu ukafunguka wenyewe.

"Kaka, samahani. Kitu kimoja tu."

"Sema dada."

"Shamba umesema liko Nanguruwe. Mikorosho mingapi vile? Nilisahau kuandika."

"Kumi na miwili."

"Kumi na miwili. Hongera sana. Unajua mimi hesabu zangu mbovu, nisaidie. Gunia tisa, kilo themanini themanini. Hiyo si inakuja kama kilo sitini kwa kila mti? Nataka na mimi mbegu hiyo, mjomba wangu ana eneo Mikindani."

Alicheka. Kisha akaacha kucheka. Sikumfokea wala sikumwita mwizi. Nilikuwa nimeshika kalamu, namsubiri anisaidie hesabu. Nyuma yake foleni ilikuwa imeshaelewa. Aliyachukua magunia yake akasema atarudi kesho na baba yake. Sikumwona tena.

Nilikisimulia kisa hicho kwenye kikundi, tukakifanya igizo, likachezwa redioni, na mtu wa Dar aliyelisikia akanitafuta. Safari hiyo sikuulizwa jicho. Nilicheza karani wa mahakama kwenye tamthilia ya runinga, vipindi vitatu, na nilikwenda na daftari langu la mizani, lenye madoa ya mafuta ya korosho. Mtu wa mavazi alitaka kunipa jipya. Nikakataa kama nilivyoona mtu mwingine akikataa.

Kuhusu pesa nitasema kidogo maana hasira itanipanda. Falk aligombana na studio mara nyingi, kuhusu malipo na kuhusu ubora wa miswada, na kufikia katikati ya miaka ya 1970 alikuwa miongoni mwa waliolipwa vizuri zaidi kwenye televisheni ya Marekani. Sehemu ya pesa hizo aliiweka kwenye filamu za rafiki yake John Cassavetes, ambazo studio hazikuzitaka. Aliweza kugombana kwa sababu mikataba ilikuwepo. Andikeni. Hata kwenye karatasi ya daftari: jina, siku ngapi, kiasi gani, kinalipwa lini, na picha zikiuzwa tena itakuwaje. Kila mtu atie sahihi, piga picha kwa simu. Anayekuambia "sisi ni familia" akiombwa sahihi, mwambie hata familia zina mirathi.

Columbo ilisimama 1978, ikarudi 1989, na mpaka inamalizika mwaka 2003 vilikuwa vipindi 69. Falk alipata Emmy, tuzo za televisheni za Marekani, tano, nne zikiwa za koti lile. Katikati alichora sana, penseli na mkaa. Kisha kumbukumbu zikaanza kumtoka. Mwaka 2009 suala la uangalizi wake lilifika mahakamani, na daktari alieleza kwamba hamkumbuki tena Columbo. Alifariki Beverly Hills tarehe 23 Juni 2011, akiwa na miaka 83.

Mjomba yuko hai, Mikindani, naye amefika huko kwenye kusahau. Jumamosi nikitoka darasani napitia kwake na samaki, namwekea Afande kwenye televisheni mpya, na nafasiri mimi. Natia chumvi kadiri niwezavyo. Wakati mwingine ananisikiliza, wakati mwingine ananiuliza mimi ni binti wa nani. Wiki mbili zilizopita alikaza macho kwenye kioo muda mrefu, nikadhani amesinzia.

"Mtazame vizuri," akaniambia. "Huyu ana jicho moja."

"Ndiyo, mjomba."

"Nina mpwa wangu kama huyo. Mwigizaji."

Kijana wa Newala, msimu ukifungwa njoo Jumamosi yoyote, saa nne asubuhi, ukifika stendi nipigie. Kazi usiiache kwanza. Na daftari lako la mizani uje nalo, lile kuukuu.